Kwa nini mashua hung'ang'ania kuukabili upepo

WAKAZI wa Nyeri, Karatina na Nanyuki huujua upepo kwa vumbi la barabarani na baridi ishukayo kutoka Mlima Kenya. Mmoja wao akizuru Mji Mkongwe wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2001 kuwa urathi wa dunia, na kupanda mashua ya tanga, huenda akastaajabu. Nahodha ameikaza kana, ule mkono wa usukani, mithili ya mtu anayezuia fahali. Chombo chaenda mbele, lakini omo yake yataka kugeukia kule upepo utokako.

Chukua bango la bati linalozunguka juu ya nguzo moja. Sehemu yake kubwa ikiwa nyuma ya nguzo, upepo huisukuma mbali, na ile ndogo hubaki ikiutazama upepo. Mashua nayo ina nguzo yake, ingawa haionekani: ni pale ambapo maji hukizuia chombo kisisukumwe kando. Nguvu ya tanga ikiangukia nyuma ya hapo, tezi husukumwa na omo huugeukia upepo.

Chombo kikilala upande, hali huzidi. Tanga sasa limening'inia nje, juu ya maji, nalo huvuta kutoka upande mmoja. Wachukuzi wa soko la Karatina wanalifahamu hili: mkokoteni ukivutwa kwa mpini mmoja, hupinda.

Je, ni kasoro? La, ikiwa ni kidogo. Kana ikivunjika, au mkono ukiteleza, mashua ya namna hiyo hujigeuza yenyewe, tanga likapigapiga na mwendo ukafa. Ile inayoukimbia upepo ndiyo ya kuogopwa, kwa maana tanga lake huendelea kujaa bila mtu wa kuliongoza, na foromali inaweza kuruka upande wa pili ghafla.

Tabia hiyo ikipita kiasi, usukani uliopindwa sana hugeuka breki na kumchosha nahodha. Kwa hiyo hulegeza kamba ya demani, au hufunga tanga dogo zaidi. Mafundi wa pwani nao, bila hesabu za karatasi, huuinamisha mlingoti kuelekea omo ili nguvu ya tanga isogee mbele.

Lakini dawa ya haraka ni uzito. Katika mashindano ya Lamu, mabaharia huketi juu ya ubao uliotokeza nje ya chombo, upande utokao upepo, ili kisilale. Magunia ya mchanga nayo hutumika kama farumi.

Basi mgeni kutoka bara akiamriwa ghafla kuhamia upande wa pili, asidhani amedharauliwa. Kilo zake 70 zimeingizwa katika kazi ya usukani.