Mbio Ndefu za Kwanza: Mama, Mwenda Pole Hajikwai

Uwe sokoni Emali, jikoni ukisonga ugali au shambani ukichuma ndengu, tega sikio.

Leo tunazungumza na mama anayetaka kukimbia mbio ndefu kwa mara ya kwanza. Pengine wenzako wa chama wamekushawishi mjiandikishe pamoja. Nia hiyo ni njema. Mazoezi huimarisha moyo, hupunguza shinikizo la damu na kisukari, na hutuliza mawazo. Lakini mama akianguka njiani, nyumba nzima huyumba. Kwa hivyo tuulizane: uchague mbio gani, na ujiandae vipi?

Ukambani si wageni wa mbio ndefu. Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni, yaani kilomita 21, mwaka wa 1992. Akina mama nao wamo. Catherine Ndereba alijifungua binti mwaka wa 1997. Mwaka wa 2001, huko Chicago, Marekani, aliweka rekodi ya dunia ya wanawake katika marathoni kamili ya kilomita 42: saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Hesabu mwenyewe, ni miaka minne. Na huyo mwili wake ulikuwa umezoea kukimbia tangu zamani. Sembuse wewe unayeanza leo?

Basi tuanze na kuchagua. Mbio za Nairobi, zilizoanza mwaka wa 2003, huwa na kilomita 42, 21 na pia 10. Kama hujawahi kushindana, anza na 10. Ukimaliza vizuri, lenga 21 baadaye. Kilomita 42 zisubiri. Kuna pia mbio za Lewa, zilizoanza mwaka wa 2000. Hizo hukimbiwa mwezi wa Juni kwenye barabara za vumbi, ndani ya hifadhi ya wanyama. Kote kuwili, Nairobi na Lewa, uko juu kuliko Emali. Hewa ni nyepesi, na utahema upesi kuliko ulivyozoea nyumbani. Hiyo si aibu. Punguza mwendo tu.

Jambo la pili: je, mwili uko tayari? Kama una mimba, huu si wakati wa kuanza mbio ndefu. Tembea, na umuulize muuguzi wa kliniki mazoezi yanayokufaa. Kama umejifungua, nenda ukaangaliwe baada ya wiki sita. Kutembea kunaweza kuanza mapema, lakini kukimbia kungoje angalau miezi mitatu, na zaidi ikiwa ulifanyiwa upasuaji au ulipata matatizo. Wakati huo zoea kukaza misuli ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo, kisha uilegeze. Ukianza kukimbia na mkojo ukavuja, au ukahisi uzito sehemu za chini, au damu ikatoka, simama. Usione haya kumweleza mhudumu wa afya. Mambo hayo yana tiba.

Wengine husema mama akikimbia maziwa huharibika. Si kweli. Mazoezi ya kadiri hayaharibu maziwa. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka ili kifua kiwe chepesi. Ukirudi, futa jasho kwanza, kwa maana chumvi yake huweza kumfanya mtoto akatae titi. Kisha ule na unywe vya kutosha.

Na kama unachoka ovyo, au kichwa kinakuwa chepesi ukisimama, omba upimwe damu. Upungufu wa damu ni jambo la kawaida kwa akina mama, nao hauondoki kwa kujikaza.

Sasa matayarisho. Jipe wiki 16 kwa kilomita 21. Toka mara tatu kwa wiki. Mwanzoni tembea dakika mbili, kimbia dakika moja, urudie kwa nusu saa. Ongeza kidogo kidogo. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, unakwenda mbio mno. Siku moja ya wiki iwe ya safari ndefu, hadi ufikishe kilomita 16 au 18 wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Baada ya hapo punguza, mwili upumzike.

Toka alfajiri kabla jua halijawa kali. Usifanyie mazoezi kwenye barabara kuu ya Mombasa. Malori ni mengi. Tumia njia za udongo za kijijini, na uwe na mwenzako. Ikibidi kupita barabarani, kaa upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, na uvae nguo ya rangi inayong'aa.

Chakula si lazima kiwe cha duka. Muthokoi, ndengu, mboga, yai na ndizi vinatosha. Siku ya mbio kunywa uji uliouzoea, saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Usijaribu chakula kipya wala raba mpya siku hiyo.

Tumalizie na maji. Sisi wa sehemu kame hudhani maji hayawezi kuzidi. Yanaweza. Mwaka wa 2002, katika mbio za Boston, Marekani, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza. Asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu mno katika damu, hasa wale waliokunywa sana hata wakaongezeka uzito njiani. Hali hiyo huleta kichefuchefu, kuumwa na kichwa na kuchanganyikiwa, na huweza kuua. Kwa hivyo kunywa unapohisi kiu, si kwa kushindana. Pia usimeze dawa za maumivu kama ibuprofen au diclofenac ili uweze kukimbia. Mwili ukipungukiwa na maji, dawa hizo huweza kudhuru figo.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au ukaacha kutoa jasho na akili ikaanza kupotea, mbio zako zimekwisha kwa siku hiyo. Keti kivulini na uite msaada. Mbio zitakuwepo mwaka ujao. Watoto wako wanakungoja leo jioni.

Mama msikilizaji, kumbuka matatu: chagua mbio fupi kwanza, upimwe kabla ya kuanza, na usikilize mwili wako hadi mwisho. Hadi juma lijalo, kaa salama.