Kuchagua Mafundisho ya Video kwa Mtunzi Chipukizi

Mwanafunzi atakaye kutunga riwaya hukuta katika intaneti video nyingi za mashauri, ilhali vifurushi ni ghali. Achague vipi? Kwanza, ahakikishe kwamba msemaji mwenyewe amechapisha hadithi. Pili, apendelee kozi nzima kuliko vipande vya dakika mbili. Mfano mwema ni masomo ya Brandon Sanderson, mtunzi wa Marekani, yaliyorekodiwa mwaka 2020 katika Chuo Kikuu cha Brigham Young na kuwekwa YouTube bila malipo. Yametolewa kwa Kiingereza, lakini kanuni yake ya msuko yafaa lugha yoyote: mwandishi humwahidi msomaji jambo, humwonyesha hatua za kulielekea, kisha huitimiza ahadi. Tatu, baada ya kila somo aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Shauri lisilomsaidia hapo, aliache.