Uliza Mwenye Kuchunga Vitabu

Ndugu zetu wa mine, na mama zetu wa nyumbani, ukiingia biblioteki, usiogope wingi wa vitabu. Uliza tu mwenye kuvichunga: «Mama, weye mwenyewe ulipenda gani?»

Hapa Lubumbashi siye wa sendika tuliuliza vile. Wakatutolea viwili.

Cha kwanza ni Germinal, cha Émile Zola, cha mwaka 1885. Ni habari ya mine ya makaa kule kaskazini ya Ufaransa. Wachimbaji wanalipwa kwa wagoneti, basi wanakimbiza makaa, miti ya kushikiza udongo wanaiweka ovyo. Kampuni inasema: miti tutailipa pembeni. Kumbe papo hapo bei ya wagoneti inashuka, toka santimu 50 mpaka 40. Watu wanapiga hesabu, wanaona wamepunguziwa. Grevi inatokea pale.

Cha pili, André Yav alikikusanya mwaka 1965, pamoja na chama cha maboyi wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kinaeleza wakati wa Wabelgiji, na kiliandikwa katika Swahili yetu ya huku. Kumbe hata mutumishi wa jikoni anaweza kuandika historia!

Chukueni kimoja. Cha Kifaransa, mtoto wa masomo akisome kwa sauti, baba aeleze kazi ya shimo. Na siku watatuletea karatasi ya bei mpya, tusome mistari yote mbele ya kutia sinyatiri.