Mapambo ya mama wa makamo: Kagua kabla ya kulipa

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Hata hivyo, katika duka la mapambo kibaya nacho hung'aa. Mwanamke aliyepita miaka 50 anayetafuta herini, mkufu au pete hana budi kukagua mambo matatu kabla ya kufungua mkoba.

Kwanza ni nambari iliyochongwa upande wa ndani. 375 humaanisha dhahabu ya karati 9, 750 ni karati 18 na 916 ni karati 22. Kwa madini ya fedha, nambari ya kawaida ni 925. Kwa kuwa nambari yaweza kughushiwa, mnunuzi adai risiti inayotaja karati na uzito.

Pili ni uzito wenyewe. Ngozi hupungua unyumbufu kadiri umri unavyosonga, na herini nzito huweza kurefusha tundu la sikio hadi lichanike. Anayewashwa masikio aepuke nikeli, madini yanayowaletea wengi mzio wa ngozi.

Tatu ni kishikizo. Mnunuzi aufunge mkufu kwa mikono yake mwenyewe. Kishikizo cha sumaku humfaa mwenye vidole vinavyouma, ila aliyepandikizwa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo amwone daktari kwanza.

Ubora wa duka dogo ni nafasi ya kujaribu bila kuharakishwa. Muuzaji asiyeruhusu hayo, heri aachiwe mali yake.