Kipimo Ndicho Kinachounda Kimeng'enya

Katika pakiti nyingi za sabuni ya unga zinazouzwa madukani leo kuna protini iitwayo subtilisini, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukatakata protini nyingine: damu, mayai, maziwa, jasho lililoshika kwenye kola. Asili yake ni bakteria wa udongoni wa jamii ya Bacillus, ila kilichomo kwenye pakiti kimeshapita mikononi mwa watu. Asidi amino moja imebadilishwa hapa na nyingine pale, mpaka kikaweza kufanya kazi ndani ya mchanganyiko ambao ungekiharibu kile cha asili. Tukisimuliwa jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, kwa kawaida sifa hupewa uelewa: wanasayansi walikijua kimeng'enya, wakakitengeneza upya. Naamini sifa hiyo imewekwa pasipo pake. Historia ya subtilisini, na ya vimeng'enya vya mikate pia, inaonyesha kwamba uelewa ulichangia sehemu tu. Kilichoamua matokeo ni kipimo, yaani mtafiti alikitaka kimeng'enya kifanye nini, katika maji gani, kwa joto gani na kwa muda gani. Watafiti wenyewe wana kanuni wanayoirudia: utakachokipima ndicho utakachokipata. Kanuni hiyo inatuhusu sana sisi tunaofua kwa beseni na kula mkate wa ngano iliyovuka bahari.

Wazo la kufulia kwa vimeng'enya ni la zamani. Mwaka 1913 mwanakemia Mjerumani Otto Röhm aliomba hataza ya kutumia dondoo la kongosho la mnyama kufulia nguo, lakini vimeng'enya vya kongosho havidumu kwenye ukali wa magadi uliomo katika sabuni. Miaka ya 1960 kampuni ya Novo ya Denmark ikaanza kuuza kimeng'enya cha bakteria kinachouvumilia ukali huo. Kikabaki na adui mwingine. Sabuni nyingi za unga za Ulaya huwekwa dawa ya kung'arisha inayotoa haidrojeni peroksaidi, nayo huoksidisha asidi amino iitwayo methionini iliyoko nafasi ya 222, jirani kabisa na pale kimeng'enya kinapokatia. Methionini hiyo ikiharibika, kazi inakwama. Mwaka 1985 David Estell, Thomas Graycar na James Wells, huko California, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kwangu ni la kufundishia hata leo. Hawakukisia ni asidi amino gani ingefaa mahali pale. Walizijaribu zote 19 zilizobaki, moja baada ya nyingine. Sisteini ilikipa kimeng'enya kasi kuliko hata methionini ya asili, lakini peroksaidi iliiharibu upesi. Serini, alanini na lusini zilisimama imara ndani ya dawa, japo kasi ilipungua. Mtu aliyepima kasi peke yake kwenye maji safi angechagua sisteini, akajipongeza, na sabuni yake isingetoa doa.

Estell na wenzake walijua pa kugusa. Mara nyingi hatujui. Subtilisini ina asidi amino 275, na ukitaka kubadilisha moja tu, tayari una njia 5,225. Ukitaka mbili kwa pamoja, njia zinapita milioni 13. Tatu, zinapita bilioni 23. Hakuna maabara inayoweza kuzijaribu zote, na hakuna nadharia iliyoweza wakati huo kusema zipi zina heri. Frances Arnold wa taasisi ya Caltech alichagua njia ambayo wakemia wengi waliiona haina heshima: aliiacha jeni ibadilike kwa kubahatisha, akaiingiza kwenye bakteria, akawaotesha kwenye sahani zenye protini ya maziwa na kiyeyushi kikali kiitwacho daimethilifomamaidi. Penye kimeng'enya kinachofanya kazi, maziwa yalikatwa na duara angavu likaonekana kuwazunguka bakteria. Aliyetengeneza duara kubwa alichukuliwa, jeni yake ikabadilishwa tena, na mzunguko ukaanza upya. Mwaka 1993, yeye na Keqin Chen walitangaza kimeng'enya chenye mabadiliko 10, kinachofanya kazi mara 256 zaidi ya cha mwanzo ndani ya kiyeyushi cha asilimia 60. Kwa njia hiyo alipata nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2018. Alichofanya kinafanana na kazi ya mkulima anayechagua mahindi kwa ajili ya mbegu ya msimu ujao. Hahitaji kujua jeni hata moja; akichagua kwa ukubwa wa punje pekee, atapata punje kubwa, na huenda zikabunguliwa ghalani kabla ya mvua kurudi.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni hili: maumbile yamekuwa yakichagua kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo kimeng'enya cha asili kimeshafika kilele chake na binadamu anachezea tu. Ushahidi unasema vingine. Kuna bakteria wa Antaktika mwenye kimeng'enya cha jamii ya subtilisini kinachofanya kazi vizuri kwenye baridi na kuharibika haraka kwenye joto. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hizo ni pande mbili za sarafu moja: protini laini inayonyumbuka kwenye baridi lazima ivunjike kwenye joto. Mwaka 2000 kundi la Arnold lilikibadilisha kimeng'enya hicho kikadumu kwenye joto kwa muda mrefu zaidi sana, bila kupoteza uwezo wake wa baridi, kwa sababu vyote viwili vilipimwa kwa pamoja. Bakteria wa barafuni hakuwahi kudaiwa kustahimili nyuzijoto 60, basi hakujilinda nazo. Mambo ni hayohayo kwa kalsiamu. Subtilisini ya kawaida hushikilia umbo lake kwa msaada wa kalsiamu, na sabuni za kiwandani zina kemikali za kulainisha maji ambazo kazi yake ni kuinyakua kalsiamu hiyo. Philip Bryan na wenzake, huko Maryland, walikata kitanzi kizima kinachoshika kalsiamu, kimeng'enya kikalegea, kisha wakatafuta mabadiliko mengine yaliyokirudishia uimara. Udongoni, kalsiamu haikosekani. Hakuna sababu yoyote bakteria angehangaika kubuni kimeng'enya kisichoihitaji.

Mkate unalionyesha jambo hili vizuri zaidi, kwa kuwa kinachopimwa ni kitu kilicho kinywani mwa mlaji. Watu wengi wanaamini mkate uliolala huwa mgumu kwa sababu umekauka. Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha mwaka 1852 kwamba mkate hukakamaa hata usipopoteza maji. Ndiyo maana ule uliofungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki nao hukakamaa. Wanga uliolainika tanurini huanza kujipanga upya unapopoa, na matawi ya molekuli zake yanapofungamana, sehemu laini ya ndani huwa ngumu na yenye kumong'onyoka. Kimeng'enya kinachokata wanga kingeweza kuzuia hali hiyo, lakini kipi? Cha kuvu hufa mapema mno tanurini, kabla wanga haujalainika vya kutosha kukatwa. Cha bakteria kinachostahimili joto hudumu mno: huendelea kukata hadi mkate unakuwa mtepetevu na kunata kwenye kisu. Mwishoni mwa karne iliyopita kilipatikana kimeng'enya kingine cha bakteria kinachomenya ncha za matawi ya wanga, sukari mbilimbili, bila kuuvunja mti wenyewe, na ambacho huzimika kabla mkate haujatoka. Hapo mkate ukabaki laini kwa siku nyingi. Kisha ikaonekana kwamba hakivumilii uchachu wa mikate inayochachushwa kwa muda mrefu, wala sukari nyingi ya keki. Kwa uchachu, watafiti walirudi tena kwenye mabadiliko ya kubahatisha, mara hii wakipima katika uchachu ule ule. Kwenye karatasi kimeng'enya ni kilekile kinachokata wanga. Kila sharti la mwokaji lilizaa toleo lake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 2024 Tuzo ya Nobeli ya Kemia iliwaendea David Baker, kwa kubuni protini mpya kwa kompyuta, na Demis Hassabis na John Jumper, kwa programu inayotabiri umbo la protini. Je, akili mnemba haijamaliza enzi ya kubahatisha? Imepunguza idadi ya majaribio, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kutabiri umbo hakuelezi kama protini itaishi miezi sita kwenye pakiti iliyowekwa stoo yenye bati na joto. Programu zinazokisia mabadiliko yenye manufaa hujifunza kutokana na vipimo vilivyokwisha kufanywa, na vipimo hivyo vingi vilifanywa kwa mashine za kufulia, madoa na unga wa nchi za kaskazini. Kompyuta hurithi maswali ya waliopima. Isipoulizwa juu ya maji ya kisima cha Pwani, haitajibu juu yake.

Usalama nao hauwezi kupitwa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wafanyakazi wa viwanda vya sabuni nchini Uingereza walipata pumu na matatizo ya mapafu kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya, na daktari Michael Flindt aliyatangaza hayo kwenye jarida la Lancet mwaka 1969. Madhara yalikuwa ya kweli. Yalipunguzwa kwa kuvifunika vimeng'enya ndani ya chembe zisizotimua vumbi na kwa kusafisha hewa ya viwandani. Waokaji wanaomimina unga wenye vimeng'enya bado wanahitaji kinga hiyohiyo. Kwa mfuaji wa nyumbani hatari imeonekana kuwa ndogo sana, lakini ushahidi mwingi unatoka kwa watu wanaofulia kwa mashine. Tunaozamisha mikono yetu wenyewe tuna haki ya kudai kipimo chetu katika hili pia: ngozi, muda wa kuloweka, na vumbi linalotimka mtu anapofungua pakiti chumbani.

Hapo ndipo hoja inapofika nyumbani. Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Bogoria, Nakuru na Natron, yana vijidudu vinavyoishi katika ukali unaokaribia ule wa sabuni. Sampuli zilizochukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilizaa vimeng'enya vya kukata selulosi vilivyotumika katika sabuni na katika viwanda vinavyochakaza suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani mgawo wa faida, madai ambayo kampuni ya Marekani iliyovitengeneza vimeng'enya hivyo iliyapinga. Mwaka 2007 shirika hilo likaingia mkataba wa kugawana manufaa na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Madai ya mgawo ni ya haki, na nayaunga mkono. Hata hivyo, tope la Bogoria linaleta nusu tu ya thamani. Nusu nyingine ni swali lililoulizwa juu ya tope hilo, na swali lilikuwa la mfuaji wa Ulaya na Marekani: mashine, dakika chache, dawa ya kung'arisha, maji yaliyolainishwa.

Mfuaji wa Temeke au Likoni ana hali tofauti kabisa. Maji yake hayachemshwi, lakini ya Pwani hayana baridi kali. Ya Njombe na Limuru yanayo. Huloweka nguo kwa saa kadhaa, pengine usiku kucha, muda ambao mashine haiujui kabisa, kwa hiyo kimeng'enya cha polepole kinachodumu kinaweza kumfaa kuliko chenye kasi kinachochoka mapema. Maji ya visima vingi ni magumu, yenye kalsiamu. Kalsiamu hiyo huigandisha sabuni ya mche ikabaki utando kwenye nguo, lakini kwa subtilisini ni tegemeo. Gharama ya kutengeneza toleo lisiloihitaji huenda isiwe na maana huku. Madoa yenyewe ni mawese, bizari, maembe, udongo mwekundu. Orodha hii yote inaweza kuandikwa kama kipimo, na mabadiliko ya kimeng'enya yakachujwa kwayo.

Watasema soko letu ni dogo na maabara zetu maskini. Kuhusu maabara, ugumu hauko kwenye kuchuja: sahani, maziwa, bakteria na mashine ya kuzidishia DNA, ambavyo vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vinavyo. Hataza za mabadiliko ya awali ya subtilisini za miaka ya 1980 na 1990 zimekwisha muda wake. Ugumu wa kweli uko kwenye uzalishaji, yaani matangi ya kuotesha bakteria kwa tani, umeme usiokatika, usafishaji, na ufunikaji wa chembe niliokwisha kuutaja. Huko tutahitaji ubia kwa muda mrefu, na mtu anayeahidi kiwanda kesho anadanganya. Ila mbia anayekuja na matangi hutengeneza anachoambiwa kinatakiwa, na kwa sasa hakuna anayemwambia. Shirika la viwango linaweza kuanza na kipande cha pamba chenye doa la mawese na udongo, ndoo ya maji ya kisima yaliyopimwa kalsiamu, nyuzijoto 25, saa nane za kuloweka, na pakiti iliyokaa miezi sita kwenye stoo ya bati.