“Umekula?” “Sijafua”: Kwa Nini Wazee Wetu Husikia Vingine

Mjukuu anamuuliza bibi yake, “Bibi, umekula?” Bibi anajibu bila kusita, “Sijafua, mjukuu wangu, sabuni imekwisha tangu jana.” Ua zima linaangua kicheko, na bibi mwenyewe, akishaelezwa, hucheka kuliko wote. Siku nyingine kijana anasema, “Babu, naomba pesa,” naye babu anaelekeza kidole ndani: “Meza ipo sebuleni, kaichukue.” Vichekesho vya namna hii havikosekani katika familia yenye wazee, iwe Lusu wilayani Nzega, Tabora mjini au Dar es Salaam. Makala haya yanaeleza kinachotokea sikioni hadi “kula” ikawa “kufua”, na wakati gani kicheko kinapaswa kutupeleka kituo cha afya.

Tatizo lenyewe si dogo. Katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba watu wapatao milioni 430 kati yao wanahitaji huduma ya kitaalamu. Miongoni mwa watu waliovuka umri wa miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu unaoathiri maisha yao ya kila siku.

Marimba ndani ya sikio

Sauti ni mtetemo wa hewa. Mtetemo huo huingia katika sikio la nje, hutikisa ngoma ya sikio, kisha hupitishwa na vifupa vitatu vya sikio la kati hadi kwenye koklea, kiungo kidogo kilichojizungusha mithili ya konokono. Ndani ya koklea mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Hizi ndizo zinazogeuza mtetemo kuwa ishara zinazosafiri kwa mshipa wa fahamu hadi ubongoni.

Seli hizo zimepangwa kama vibao vya marimba. Zinazopokea sauti nyembamba zipo mlangoni mwa koklea, na zinazopokea sauti nene zipo ndani kabisa, kwenye kilele. Kwa kadiri umri unavyosonga, seli za mlangoni ndizo hutangulia kuchakaa, na kwa binadamu seli iliyokufa haioti tena. Ndiyo maana upungufu wa usikivu wa uzeeni huanza na sauti nyembamba, huyapata masikio yote mawili, na huja polepole kiasi kwamba mhusika ndiye wa mwisho kuutambua.

Sasa tuitazame lugha yetu. Irabu a, e, i, o na u hubebwa zaidi na sauti nene, tena zina nguvu. Konsonanti kama s, f, t, k, p na ch ni hafifu, na nyingi hutegemea sauti nyembamba. Mlio wa s, kwa mfano, una nguvu zaidi katika mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde. Mzee aliyepoteza sauti hizo hubaki na irabu na kiimbo cha sentensi, na ubongo wake hulazimika kubuni konsonanti zilizokosekana. Linganisha “umekula” na “umefua”: irabu zake ni zilezile, u, e, u, a. Linganisha “pesa” na “meza”. Bibi hakujibu ovyo. Alitegua kitendawili kwa vipande alivyopewa, akapata neno halali la Kiswahili, ila si lile lililosemwa.

Historia ya Tabora inatupa mfano mzuri. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na mingine iliyopinda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walisafiri kwa ngoma, baragumu na nyimbo. Mtu aliyekuwa mbali alipata kwanza mdundo wa ngoma. Maneno ya wimbo aliyapata msafara ulipokaribia. Mzee mwenye upungufu wa usikivu ni kama mtu aliye mbali na msafara hata akiwa ameketi nanyi mkekani. Husema kwa haki kabisa, “Nakusikia, ila sikuelewi.”

Neno “hasikii” na hukumu yake

Kiswahili hutumia kitenzi “kusikia” kwa maana zaidi ya moja. Mtoto “asiyesikia” ni mtoto mtukutu. “Asiyesikia la mkuu” huvunjika guu. Kwa hiyo familia inaposema “mzee siku hizi hasikii”, mara nyingi hukumu hutangulia uchunguzi: mzee amekuwa mkaidi, amekuwa mzito, au anasikia anachotaka tu.

Tuhuma hiyo ya mwisho ndiyo inayowaumiza wazee zaidi, na sayansi inawatetea. Kwa nini babu husikia mazungumzo ya kuuza ng'ombe lakini hasikii akiitwa na mjukuu? Mazungumzo ya ng'ombe huenda yalifanywa na mwanamume mwenye sauti nene, ana kwa ana, mahali palipotulia, juu ya jambo ambalo babu alikwisha kulijua nusu. Mjukuu aliita kwa sauti nyembamba, kutoka jikoni, redio ikiwa imefunguliwa. Usikivu wa mzee hubadilika kulingana na umbali, kelele, mwanga na uchovu. Kubadilika huko si hila.

Utani na aibu

Katika jamii za Wanyamwezi na Wasukuma, kama ilivyo kwingi Tanzania, babu na bibi ni watani wa wajukuu wao. Bibi humwita mjukuu wa kiume “mume wangu”, na mjukuu hulalamika kwamba mke wake hapiki. Ndani ya utani huo, kosa la kusikia lina nafasi yake: bibi anaweza kumgeuzia mjukuu kibao kwa kumwambia kuwa meno yake ndiyo yanayotafuna maneno. Kicheko cha pamoja hakina madhara. Kwa mzee anayeanza kujitenga, huweza hata kuwa faraja.

Madhara huanza mzee anapochekwa bila kuambiwa kilichosemwa. Jibu la “aa, achana nayo, si kitu” hufunga mlango. Baada ya kufungiwa mara kadhaa, mzee huacha kuuliza. Hutikisa kichwa, husema “ndiyo, ndiyo”, na hucheka wenzake wanapocheka. Hatimaye huepuka harusi, ibada na vikao. Tafiti zimeuhusisha upungufu wa usikivu na upweke, sonona na kupungua kwa uwezo wa kukumbuka. Tahadhari nyingine: mzee anayejibu mambo yasiyohusiana na swali huweza kudhaniwa amepoteza fahamu za uzee, kumbe akili yake ni timamu na kilichopungua ni masikio.

Pale kosa linapogharimu

Yapo makosa ya kusikia yasiyostahili kuchukuliwa kimzaha. “Mjomba amefika” ikisikika “mjomba amezika”, nyumba inaweza kuanza maombolezo kwa ajili ya mgeni aliyeleta zawadi. Hilo hurekebishwa kwa dakika chache. Lakini fikiria dirisha la dawa lenye foleni na kelele. Mtoa dawa anasema “kabla ya kula”. Mzee anapata “baada ya kula”, kwa kuwa “kabla” na “baada” zote zina irabu a pekee. “Saa sita” na “saa tisa” hutofautiana kwa konsonanti tu, hali kadhalika “tarehe sita” na “tarehe tisa” za kurudi kliniki. Kwa mgonjwa wa kisukari, kukosea uhusiano wa dawa na chakula kunaweza kushusha sukari hadi akazimia.

Hatari nyingine ipo katika vikao vya ukoo. Mzee anayetikisa kichwa shamba likijadiliwa huhesabiwa kuwa ameridhia. Kama hakusikia, hakuridhia. Familia yenye busara humwomba mzee aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa kabla ya kuweka dole gumba kwenye karatasi.

Si kila kutosikia ni uzee

Kabla ya kusema “ni umri tu”, yafaa kutafuta sababu nyingine, kwani baadhi hutibika. Nta iliyoziba sikio ni sababu ya kawaida, na huondolewa kituoni kwa muda mfupi. Usaha wa muda mrefu na tundu katika ngoma ya sikio navyo hupunguza usikivu. Dawa kadhaa huweza kudhuru koklea, zikiwamo streptomaisini iliyotumika sana kutibu kifua kikuu, jentamaisini, na kwinini ambayo huleta mvumo masikioni.

Kelele nayo ina sehemu yake. Nzega ni eneo la dhahabu: mgodi mkubwa wa Golden Pride ulifanya kazi huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi miaka ya 2010, na wachimbaji wadogo husaga mawe kwa makarasha. Mtu anayefanya kazi kwa saa 8 kila siku katika kelele inayozidi desibeli 85 yumo hatarini kupoteza usikivu kabla ya uzee. Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, mahali hapo panahitaji kinga ya masikio. Kijana wa karashani leo ndiye babu wa vichekesho kesho.

Sikio likiziba ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, bila sababu inayoonekana, hiyo ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa matibabu yakichelewa huweza yasifae tena.

La kufanya nyumbani na kituoni

Msogelee mzee, mshike bega au uingie mbele ya macho yake kabla ya kusema. Uso wako uwe kwenye mwanga, kwa maana midomo nayo husomwa. Punguza redio. Usipige kelele: ukelele hukuza irabu ambazo tayari anazisikia, hupotosha konsonanti, na huweza kuliumiza sikio. Sema polepole kwa sauti ya kawaida yenye nguvu.

Asipoelewa, usirudie neno lilelile mara tatu, badilisha sentensi. Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Katika sentensi “vikombe vyangu viwili vimevunjika”, alama ya ngeli imerudiwa mara nne, hivyo mzee akikosa moja hudaka nyingine. Neno moja lililotupwa peke yake, “vikombe!”, halina msaada huo. Badala ya “umekula?”, sema, “Bibi, chakula cha mchana umekula tayari?” Tarehe, saa na idadi ya vidonge zionyeshwe kwa vidole na ziandikwe, kisha mzee aombwe kuzirudia.

Upimaji uanzie kituo cha afya kilicho karibu, ambako mhudumu ataangalia ndani ya sikio na kutoa rufaa panapohitajika. Usichokonoe sikio kwa njiti, unyoya wala ufunguo, na usitie mafuta ya moto. Mzee akithibitika kuwa na upungufu wa uzeeni, shimesikio huweza kumsaidia sana, mradi kipimwe na kurekebishwa kulingana na masikio yake. Hakirudishi ujana wa sikio, na wiki za mwanzo huwa na usumbufu. Ubongo unahitaji muda wa kuzoea tena sauti ulizozisahau. Wengi hukiweka kabatini katika kipindi hicho, na hapo ndipo subira ya familia inapohitajika.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo iliwalenga wakaidi, na wazee wetu wasiingizwe humo. Kwa hiyo jioni hii, bibi akikujibu habari za sabuni ulipomuuliza habari za chakula, cheka naye, kisha sogea karibu, umtazame usoni, na umuulize tena. Huenda kweli hajala.