Tusimwonee Mrushaji Mpira

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii hunijia kila niwasikiapo wapenzi wa kriketi wakibishana juu ya mikimbio mingi inayopatikana siku hizi katika mechi za siku moja. Huku kwetu Kahawa Sukari, ambako walimu na wanafunzi wa vyuo ni wengi, ubishi huu hauishi. Kundi moja hushikilia kwamba warushaji mpira wa leo ni butu, hawana ufundi wala uvumilivu. Kundi la pili hujibu kwamba kosa ni la pichi, yaani ule ukanda wa yadi 22 ulio katikati ya uwanja, ambao nowadays hautengenezwi kwa ajili ya ushindani bali kwa ajili ya kumfurahisha mpigaji. Nimeyasikiliza makundi yote mawili kwa makini, na kauli yangu ni kwamba mshtakiwa wa tatu hajafikishwa mbele ya baraza.

Tuanze na kisa cha hapa nyumbani. Ukishika barabara ya Thika kuelekea jijini, ukaipita Pangani, hauko mbali na uwanja wa Gymkhana. Hapo ndipo tarehe 4 Oktoba 1996 kijana wa Pakistan, Shahid Afridi, aliyeandikishwa kuwa na umri wa miaka 16, alipoishangaza dunia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika gongo katika mechi ya kimataifa ya siku moja. Alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 tu. Aliupiga mpira nje ya uwanja bila kugusa ardhi mara 11, na kabla ya kuondolewa alikuwa na mikimbio 102. Rekodi hiyo ilidumu kwa miaka 17, hadi Corey Anderson wa New Zealand alipoivunja kwa mipira 36 tarehe 1 Januari 2014. Siku ile ya Nairobi Pakistan walipata mikimbio 371. Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa kutisha, alirusha ova zake 10 akatozwa mikimbio 94.

Wanaoilaumu pichi watasema: "Ndivyo tulivyosema! Nairobi iko juu milimani, hewa yake ni nyepesi, mpira hupaa. Tena pichi yenyewe ilikuwa ngumu na kavu." Hoja hiyo ina uzito wake. Pichi ikinyolewa nyasi zote, ikashindiliwa kwa rola mpaka ikawa kama sakafu, mpira hudunda kwa kimo kile kile kila unapotua. Mpigaji huuamini. Hauyumbi wala haumshtukizi. Atakaye kuona nguvu ya pichi ya namna hiyo na aikumbuke mechi ya Johannesburg, mji mwingine wa nyanda za juu, tarehe 12 Machi 2006. Australia walipata mikimbio 434, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Afrika Kusini wakajibu kwa mikimbio 438 wakashinda. Timu zote mbili zikivuka 400 siku moja, ni vigumu kusema kwamba ardhi haina hatia yoyote.

Hata hivyo, ushahidi wa Gymkhana haukomei kwa Afridi. Siku ile ile, Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia, walishika gongo kwa zamu yao wakaondolewa wote kwa mikimbio 289. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Oktoba, Pakistan walirudi uwanjani hapo hapo kucheza fainali na Afrika Kusini. Hewa ilikuwa ile ile na wapigaji ni wale wale, Afridi akiwa miongoni mwao. Mara hii waliondolewa wote kwa mikimbio 203, na Afrika Kusini wakanyakua kombe kwa wiketi 7. Kilichobadilika zaidi ni mkono ulioushika mpira. Na kama hoja ni wepesi wa hewa, mbona Uingereza walipata mikimbio 498 mwaka 2022 katika mji wa Amstelveen, nchini Uholanzi, nchi ambayo sehemu yake iko chini ya usawa wa bahari?

Je, basi, tuwaunge mkono wanaomlaumu mrushaji? La hasha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hebu tuzitazame sheria ambazo mtu huyu anacheza chini yake.

Mpigaji hodari anaruhusiwa kukaa uwanjani ova zote 50. Ndivyo alivyofanya Rohit Sharma wa India mjini Kolkata mwaka 2014, akajikusanyia mikimbio 264 peke yake. Mrushaji, hata awe hodari namna gani, hupewa ova 10 tu, kisha hunyang'anywa mpira. Katika ova za mwanzo nahodha wake haruhusiwi kuwaweka wadakaji zaidi ya wawili nje ya duara la yadi 30. Sheria hiyo ndiyo iliyowanufaisha Jayasuriya na wenzake katika Kombe la Dunia la 1996. Akikanyaga nje ya mstari, mpigaji hupewa mpira wa bure ambao hauwezi kumwondoa kwa kudakwa wala kwa kuangushiwa vijiti. Tangu Oktoba 2011 ilitakiwa mipira miwili mipya itumike, mmoja kila upande. Maana yake ni kwamba hakuna mpira uliozeeka vya kutosha. Mpira mkuukuu, uliochakaa upande mmoja na kung'arishwa upande wa pili, ndio uliompa mrushaji wa kasi silaha ya kuupinda kinyume mwishoni mwa mechi; ndio pia uliomfaa yule anayeuzungusha kwa vidole. Silaha hiyo waliopewa mamlaka waliizika wenyewe. Kisha mwaka 2012 wakapunguza walinzi wa pembezoni kutoka watano hadi wanne kwa sehemu kubwa ya mechi.

Nayo magongo yalizidi kunenepa mwaka hadi mwaka, hata ikabidi mwaka 2017 sheria iwekwe kwamba ukingo wa gongo usizidi milimita 40. Mpira uliokosewa, ambao zamani ungeishia mikononi mwa mdakaji, leo unavuka mpaka.

Huyu ndiye mshtakiwa wa tatu: mtunga sheria, pamoja na sisi watazamaji tunaompigia makofi. Tumetaka mikimbio; wenye televisheni wametaka mikimbio; waliokabidhiwa mchezo wametupa tulichotaka. Hata pichi bapa haikujinyoa nyasi yenyewe. Iliamriwa iwe hivyo.

Lakini lawama hazigawanywi kwa haki. Katika mechi ile ya Johannesburg, Mick Lewis wa Australia alitozwa mikimbio 113 katika ova zake 10. Hakuitwa tena kuichezea nchi yake katika mechi za namna hiyo. Pichi haikufukuzwa kazi, wala sheria haikusimamishwa kizimbani. Aliyetokwa na jasho ndiye aliyebeba mzigo.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Ruiru na Thika, hasa walimu na wanafunzi? Kwa sababu historia ya kriketi ya Kenya iliandikwa na warushaji. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya tuliondolewa wote kwa mikimbio 166 tu. Wengi waliizima redio. Maurice Odumbe na Rajab Ali wakachukua wiketi tatu tatu, na West Indies, timu ya Brian Lara, wakaanguka kwa mikimbio 93. Tarehe 24 Februari 2003, pale pale Gymkhana ambapo Afridi alitamba, tulipata mikimbio 210. Collins Obuya akazungusha mpira, akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, na Sri Lanka wakaishia 157. Mwaka huo tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Na kuna siku ya Durban, tarehe 15 Machi 2003, ambayo kila mwanafunzi apaswa kusimuliwa. Aasif Karim, mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa ameshastaafu kisha akaombwa arudi, aliwarushia mpira Australia, timu ambayo haikushindwa hata mara moja katika kombe lile. Alirusha ova 8 na mipira 2. Sita kati ya ova hizo hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Aliwatoa watu watatu, Ricky Ponting akiwa mmoja wao, na akatozwa mikimbio 7 tu. Hakuwa na kasi. Alikuwa na shabaha, subira na akili. Tulishindwa mechi ile, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa yeye.

Dhidi yake weka mechi ya Kandy, tarehe 6 Machi 1996, siku chache tu baada ya ushindi wa Pune. Sri Lanka walitupiga mikimbio 398, rekodi ya dunia iliyodumu miaka kumi. Sisi, juu ya pichi ile ile, tukapata 254, Steve Tikolo akikosa minne tu kufikisha 100. Warushaji walioitikisa West Indies hawakugeuka wajinga kwa wiki moja. Lakini pengo la mikimbio 144 lilionyesha kwamba pichi nzuri na sheria laini humwumiza zaidi yule asiye na warushaji wa akiba. Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja mwaka 2014. Tukitaka kurudi, hatutarudi kwa kumtafuta Afridi wetu peke yake.

Nikitembea jioni mitaani humu, huwaona watoto wakicheza kwa mpira wa tenisi na ubao uliochongwa. Wote hugombea gongo. Atakayerusha ni yule aliyeshindwa kulipata, na akipigwa mbali huchekwa. Shuleni mambo hayatofautiani sana: kijana mwenye nguvu hufundishwa kupiga, na kurusha huachiwa wengine. Tunawalea watoto katika imani kwamba mrushaji ni mtumishi wa kumtilia mpigaji mpira.

Mwalimu mwenzangu, sheria za dunia haziko mkononi mwako. Waliozitunga wenyewe wameanza kujuta: tangu Julai 2025, baada ya ova ya 34, timu inayorusha huchagua mmoja wa mipira miwili na kuutumia hadi mwisho, ili mpira upate kuzeeka kidogo. Lakini uwanja wa shule uko mkononi mwako. Waweza kuziacha nyasi kidogo juu ya pichi. Waweza kuamuru mpira mmoja utumike tangu mwanzo hadi mwisho. Waweza kuweka zawadi kwa ova isiyozaa mkimbio, kama unavyomzawadia aliyefikisha mikimbio 50. Nawe mwanafunzi, siku utakapotozwa mikimbio 20 katika ova moja, usiitupe kofia yako chini. Uliza kwanza ulikuwa unashindana na nani: mpigaji, ardhi, au kitabu cha sheria. Kisha ufute jasho, uuchukue mpira tena, uulenge pale pale ulipokusudia.